Deni la Sare

Hotuba ya watoto wa mchungaji wetu wa zamani, katika ibada ya shukrani ya miaka 50 ya kwaya, Voi

 

 

Sisi ni watoto wanne wa mchungaji aliyehudumu hapa kuanzia 1981 hadi 1991. Aliyeshika karatasi ni mmoja, lakini maneno ni ya wote wanne. Tumeyabishania kwa simu majuma matatu, na pale tuliposhindwa kuelewana tulimwuliza mama. Mama yuko hapa. Ana miaka 83 na ameketi kule nyuma karibu na mlango, mahali pale pale alipoketi miaka ile kumi, kwa sababu kutoka pale angeweza kwenda kuangalia jiko bila kukatiza mahubiri. Ametukataza kumsifu. Tutajaribu.

Kamati ilituomba tuzungumze kuhusu maisha ya nyumba ya mchungaji wakati wa Krismasi, na kuhusu ziara za kwaya za miaka ile. Tulipewa dakika ishirini. Baba angesema huo ni utangulizi tu.

Wengi wenu mnaijua nyumba yenyewe, ile ya mabati nyuma ya mwarobaini, ingawa siku hizi ina vigae na geti. Wakati wetu haikuwa na geti, na hata kama ingekuwa nalo halingefungwa. Sebule ilikuwa ofisi ya kanisa. Meza tuliyofanyia kazi za shule ndiyo iliyoandikiwa vyeti vya ubatizo, na mtu akija kuandikisha ndoa tulihamishia madaftari yetu jikoni. Desemba ilipofika, hata jikoni hapakuwa na nafasi. Harusi zilifuatana Jumamosi kwa Jumamosi, kwa kuwa Desemba ndipo watu wanapopata likizo. Wanaotoka Mombasa na Nairobi walishuka hapa na mizigo yao, wengine wakielekea milimani Wundanyi na Mgange, wengine Taveta. Aliyekosa gari usiku huo aliambiwa, nenda kwa mchungaji. Akaja. Kuna Krismasi moja tulihesabu watu kumi na watatu waliolala sebuleni, na mmoja wao hatujui hadi leo alikuwa nani. Alikunywa chai asubuhi, akashukuru kwa maombi marefu, akaenda zake na blanketi.

Vitanda vyetu vilikuwa vya wageni. Sisi tulilala kwenye mkeka, wanne kwa mstari, na mdogo wetu alilala katikati ili asiviringike hadi kwenye mlango. Mtoto wa mchungaji hujifunza mapema kutambua hodi. Kuna hodi ya harusi, kuna hodi ya mgonjwa, kuna hodi ya nauli. Hodi ya msiba haina haraka. Mtu hugonga mara moja, kisha husubiri, na baba alikuwa ameshavaa viatu kabla hajaambiwa neno.

Na kulikuwa na mbuzi. Kila mwaka, wiki moja au mbili kabla ya Krismasi, mshiriki mmoja wa huko Sagalla alimletea baba mbuzi. Kila mwaka sisi tulimpa mbuzi yule jina, tukamkatia majani, tukapanga nani atapata mguu na nani atapata maini. Na kila mwaka asubuhi ya tarehe 24 baba alimfungua kamba, akaondoka naye kuelekea kambi ya wafanyakazi wa mkonge, kule ambako watu waliotoka mbali hawakuwa na nauli ya kurudi kwao. Mbuzi akaenda na jina lake. Sisi tukabaki na kimanga, na tukaambiwa tumshukuru Mungu kwa kimanga. Sasa tukiwa watu wazima tunakipenda sana kimanga. Wakati ule hatukukipenda.

Tunayasema haya kwa sababu mara nyingi watu hutuambia, ninyi mlibarikiwa kukulia nyumba ile. Ni kweli. Lakini leo ni jubilii, na tumeona tuseme na ukweli wa pili: tulikuwa na kinyongo. Wenzetu shuleni walisimulia Krismasi zao, baba amerudi kutoka kazini, baba amenunua viatu. Baba yetu siku hiyo alikuwa wa kila mtu. Aliongoza mkesha, akalala saa mbili, akaongoza ibada ya alfajiri, ibada kuu, kisha ubatizo, kisha akapanda baiskeli kupeleka ushirika kwa wazee wasioweza kutembea. Alirudi jua likizama. Tulikuwa na nguo mpya, hilo tunakiri, zote zilizokatwa kutoka kitambaa kimoja na kushonwa kwa cherehani ya mama, tukifanana kama timu ya mpira. Lakini aliyepaswa kutuona ndani yake alirudi akiwa hawezi hata kufumbua macho.

Na ninyi wanakwaya mlikuwa ndani ya kinyongo hicho. Msicheke. Kinyongo kikubwa kilikuwa kwenu.

Wale wa kwaya ya sasa labda hawajui ziara zilivyokuwa. Hapakuwa na basi la kukodi wala spika. Jioni ya tarehe 24 kwaya ilikusanyika hapa kwa mguu, watu thelathini na mmoja mwaka ule tunaotaka kuusimulia, na taa ya karabai moja iliyobebwa juu ya fimbo. Walianza hospitalini. Waliimba ukumbini kwanza, kisha wakaingia wodi moja baada ya nyingine, na katika wodi ya watoto waliimba kwa sauti ya chini sana, besi wakiwa kama watu wanaonong'ona. Siku nyingine kabla ya Krismasi walikuwa wamekwishakwenda gerezani, maana usiku gereza halifunguliwi kwa ajili ya kwaya. Kutoka hospitalini walipita nyumba za wajane, kila nyumba wimbo mmoja, na kama mwenye nyumba alikuwa kiziwi waliimba tu, naye aliwatazama midomo. Kisha stesheni.

Stesheni ndiyo tuliyoipenda. Wakati huo hakukuwa na treni ya kasi, ambayo ilikuja 2017. Kulikuwa na treni ya usiku, ile ya zamani, iliyosimama hapa gizani huku abiria wakichungulia madirishani wakiwa nusu wamelala, kila mtu akienda kwao au akiwa amechelewa kwenda. Kwaya ilisimama jukwaani na karabai yake na kuimba mpaka treni ilipoondoka. Watu walitoa mikono madirishani. Wengine walirusha shilingi, nasi watoto tulikatazwa kuziokota, ingawa mmoja wetu, hatumtaji, aliokota. Treni ikishaondoka, usiku wa Voi unakuwa kimya namna ambayo hata mbwa wanaogopa kubweka, na katika kimya hicho mwalimu wa kwaya alisema, haya, twendeni kwa mama mchungaji.

Hapo ndipo kinyongo. Watu thelathini na mmoja, saa sita ya usiku, jikoni kwetu. Mama alikuwa na sufuria moja kubwa, ile mliyoizoea hata kwenye harusi, na chai ilichemka humo tangu saa nne. Mandazi tuliyoyasukuma sisi tangu mchana, ambayo tuliruhusiwa kula moja moja, mliyamaliza kwa dakika chache. Kisha mkaimba tena, ndani ya nyumba, mabati yakitetemeka. Sisi tuliketi pembeni tukihesabu mandazi. Mama alikuwa akicheka. Hatukuelewa anacheka nini, na alikuwa amesimama tangu alfajiri.

Sasa tuje mwaka wenyewe.

Wenye umri wanaikumbuka njaa ya 1984. Mvua ya masika haikunyesha mwaka huo katika sehemu kubwa ya Kenya, na hapa kwetu kwenye tambarare mvua zilizotangulia zilikuwa zimeshapungua. Serikali ikaagiza mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Vijana, mkisikia wazee wakitaja ugali wa njano kwa sauti fulani, ni huo. Ulikuwa na harufu yake, watu wakasema ni chakula cha mifugo, na wakaula. Vuli ilinyesha mwaka huo, na hilo ndilo lililofanya Desemba ile kuwa ya ajabu. Ukitazama mashamba yalikuwa kijani kibichi. Ukifungua ghala, hakuna kitu. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, na mtu hali majani.

Kwaya ilikuwa na mpango wake. Tangu 1983 walikuwa wakichanga fedha za sare mpya, kwa kuwa sare za kwanza zilikuwa za mwaka kwaya ilipoanzishwa, 1975, na zilikuwa zimechakaa hadi rangi haijulikani. Walichanga kidogo kidogo, wengine kwa kuuza mayai, wengine kwa vibarua. Kufikia Desemba walikuwa na shilingi 1,860. Kitambaa kilikuwa kimeshachaguliwa dukani, buluu, na fundi alikuwa amewapima.

Jumapili ya tarehe 9 Desemba baba alipanda mimbari. Alihubiri vizuri, tulikuwepo, tuliketi benchi la mbele kama kawaida ili mama atuone kutoka nyuma. Mwisho wa mahubiri alisema kwamba kuna watu huko nje hawana chakula, na kwamba sare inaweza kungoja lakini tumbo haliwezi. Akasema anajua kwaya yetu ina moyo. Akaomba wanakwaya wanaokubali fedha za sare zinunue chakula cha Krismasi kwa wenye njaa wainue mikono.

Mbele ya kanisa zima. Kwaya iliketi nyuma ya mimbari, kwa hiyo baba alikuwa amewapa mgongo alipokuwa akisema, na alipogeuka mikono ilikuwa imeanza kupanda. Sisi tulikuwa tukiwatazama usoni muda wote. Mkono wa kwanza ulipanda, kisha watatu, kisha yote. Watu walipiga makofi. Baba alifurahi sana. Lakini hata mdogo wetu wa miaka mitano aliuliza njiani, kwa nini wale mashangazi wa kwaya walikuwa wanataka kulia.

Jioni ile, mara ya kwanza katika maisha yetu, tulimsikia mama akimpinga baba. Hakupaza sauti. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa mbao na sisi tulikuwa kwenye mkeka, tukijifanya tumelala. Alimwambia, "Umeomba kitu ambacho mtu hawezi kukataa. Hiyo si kuomba."

Baba akasema watu wana njaa.

Mama akasema, "Najua wana njaa. Wewe unasema wako huko nje. Ungegeuka mapema ungewaona. Kuna walioimba nyuma yako leo ambao tangu jana wana chai ya rangi tu tumboni."

Baba akauliza ni nani. Mama hakumwambia. Alisema wanawake huambiana mferejini mambo ambayo hawamwambii mchungaji, na kwamba kama angewataja hawangemwambia tena. Tulisikia kiti kikivutwa. Kisha hatukusikia chochote, na chakula cha baba kilibaki mezani hadi asubuhi, kimefunikwa.

Tumejadiliana sana kama tuyaseme haya hadharani, kwa sababu baba hayupo kujitetea. Alitutoka miaka sita iliyopita. Lakini mama amesema tuseme, na amesema baba mwenyewe angesema kwanza.

Maana alisema. Siku ya Jamhuri ilipita, Jumatano, na Alhamisi kwaya ilikutana kwa mazoezi. Baba hakuwa na desturi ya kuingia mazoezini. Alisema mazoezi ni ya mwalimu, na mchungaji akiingia watu huanza kuimba kama watakatifu. Alhamisi ile alimchukua kaka yetu mkubwa amshikie taa, akaenda, akasimama mlangoni mpaka wimbo ulipokwisha. Kisha akawaambia alikosa. Kaka anakumbuka maneno machache tu: kwamba aliwanyang'anya kwa makofi ya watu, kwamba fedha ni zao, na kwamba wakinunua sare atazibariki Jumapili kwa furaha. Hakutaja habari ya chai ya rangi. Akatoka, akaketi gizani chini ya mwarobaini, na kaka akaketi naye.

Mchungaji kuomba msamaha kwa kwaya mwaka 1984! Wazee wawili wa kanisa walikuja kumwambia amejishushia heshima. Labda. Sisi tulimwona akiwa ameketi chini ya ule mti, na hatukuwahi kumwona mkubwa kama siku ile. Hilo nalo mama alisema ni sifa nyingi, lakini limebaki.

Yaliyotokea ndani tumesimuliwa na waliokuwepo. Walibishana mpaka karabai ikapigwa pampu mara mbili. Mmoja wa besi alipinga kwa nguvu. Alisema amechanga kwa jasho, fedha za kwaya ni za kwaya, na asiyetaka kusikia asisikie. Alipoona wenzake wanaelekea upande mwingine, alichukua kofia yake akatoka, na hakurudi kwenye kwaya hadi Pasaka. Waliobaki wakaamua chakula kinunuliwe. Lakini si kama baba alivyotaka. Walisema jambo hili lisitangazwe tena kanisani. Walisema majina ya watakaopokea yasisomwe wala kuandikwa ubaoni, na kazi ya kujua nani ana shida wapewe akina mama watatu, mama mchungaji akiwa mmoja wao. Na mweka hazina, mtu wa hesabu kali, akasema hizi fedha kwaya haijazitoa, imezikopesha. Mchungaji aandike deni.

Baba aliandika. Tutarudi hapo.

Basi chakula kikaja: mahindi ya njano yaliyosagwa, maharagwe, chumvi, na mafuta ya kupikia yaliyopimwa kwa mikebe. Kilipangwa chumbani kwetu, na mama akakigawa katika mifuko. Mifuko mingi ilibebwa na kwaya katika ziara yao ya tarehe 24, kambini na kwa wajane. Lakini kuna mifuko michache ambayo haikubebwa na kwaya. Hiyo tuliibeba sisi.

Mama alitutuma usiku wa tarehe 22 na 23, wawili wawili. Wakubwa wetu walikuwa na miaka kumi na minne na kumi na miwili. Alitufundisha maneno ya kusema mlangoni: "Mama anasema mlisahau mzigo wenu kwake." Basi. Uweke mzigo chini, uondoke, usisubiri kushukuriwa, usichungulie ndani. Na ukifika nyumbani umesahau ulikokwenda.

Hatujasahau. Lakini hatujasema pia, miaka 41, na leo hatutasema. Milango tuliyogonga usiku ule ilifunguliwa na watu waliovaa sare tuliyoijua. Sauti zao tulikuwa tukizisikia kila Jumapili. Kabla ya hapo tulidhani ziara za Krismasi ni watu wenye kitu wanawapelekea wasio nacho. Kumbe walikuwemo walioingia hospitalini kuwaimbia wagonjwa bila kujua watapika nini kesho yake, na wakaimba sehemu zao zote, na walipokuja jikoni kwetu saa sita ya usiku wakanywa chai na mandazi yale tuliyokuwa tukiyahesabu. Mama alijua. Ndiyo maana alitukataza kula zaidi ya moja.

Mlango mmoja tu tumepewa ruhusa kuutaja. Mzee mwenyewe ametupa ruhusa hiyo mwezi uliopita, na alisema hata tukitaja jina lake si neno, ila jina tumeona libaki kwake. Ni yule wa besi aliyetoka na kofia yake. Sisi watoto tulikuwa tumemwita mchoyo wiki nzima, tulikuwa hata na wimbo wake. Mama alipotuambia nyumba tulidhani amekosea. Tuligonga. Alifungua mwenyewe, akasikia maneno yetu, akatazama ule mfuko chini kwa muda mrefu sana, hata tukaogopa. Kisha akasema, "Mwambieni mama nimekumbuka."

Wimbo ule hatukuuimba tena. Mzee, leo tunakuomba msamaha kwa huo wimbo. Ulikuwa na beti tatu.

Ziara ya mwaka ule ilikwenda kwa sare kuukuu. Mama na wenzake wawili walikaa na cherehani siku nne wakigeuza kola, maana kola ikichakaa upande wa juu unaifumua, unaigeuza na kuishona tena, na mtu wa mbali hawezi kujua. Wa karibu alijua. Picha iliyo katika kijitabu hiki, ile ya kwaya kwenye ngazi za kanisa, ni ya Krismasi hiyo. Mkitazama vizuri mtaona kola zina rangi iliyokolea kuliko mashati.

Hakuna aliyeleta mbuzi mwaka ule. Mshiriki wetu wa Sagalla mifugo yake ilikuwa imekufa. Siku ya Krismasi yenyewe baba alirudi mapema kuliko kawaida, sijui kwa sababu gani, labda baiskeli. Aliketi kitini akalala na viatu. Tukala ugali wa njano karibu naye, polepole ili asiamke, na baada ya kula hakuna aliyetoka kwenda kucheza. Tuliketi tu, tukimtazama. Mama anasema alituchungulia kutoka jikoni, akarudi zake.

Baba alihamishwa 1991, kisha akahamishwa tena, kisha akastaafu. Mnajua mshahara wa mchungaji, na alikuwa na watoto wanne wa kusomesha. Baada ya mazishi tulipanga vitu vyake na tukakuta shajara zake, moja kwa kila mwaka. Katika ya 1985, ukurasa wa kwanza, ameandika: Sare za kwaya, Voi, 1,860. Bado. Katika ya 1986, ukurasa wa kwanza, maneno yale yale. Tukafungua ya 1995. Tukafungua ya 2010. Ya mwisho mwandiko unatetemeka, lakini 1,860 inasomeka. Bado.

Tunajua kwaya ilipata sare mpya miaka michache baadaye kwa njia nyingine, na tunajua mweka hazina yule wa hesabu kali alishatutoka bila kumdai baba hata mara moja. Hakuna anayetudai. Ila tumekuja na bahasha. Tulijaribu kupiga hesabu ya shilingi 1,860 za wakati ule kwa bei za leo, kila mmoja wetu akapata jibu lake, na mama akasema tuache kuhesabu kama benki, tutoe. Tumetoa.

Kijana mmoja wa kamati alituuliza asubuhi kama fedha hizi ni za sare au ni za ziara ya Krismasi ya mwaka huu. Tulimjibu kwamba hatusemi. Mkitaka sare, nunueni sare, hata za buluu. Mkitaka unga, nunueni unga. Tunaomba tu msiamue hapa, sasa hivi, kwa kuinua mikono mbele ya watu. Ngojeni Alhamisi, kwenye mazoezi, mlango ukiwa umefungwa. Bahasha iko kwa mweka hazina, na amekwishaandika risiti. Tutaibandika kwenye shajara.

Kuna chai nje, na safari hii mandazi hayajahesabiwa. Inapikwa katika sufuria ile ile, tumeileta kutoka nyumbani. Mama ametuma neno moja: mfuniko wake uliazimwa kwa harusi hapa 1991, wiki tuliyohama, na haujarudi. Aliye nao hataulizwa kitu. Aulete tu, mama yuko pale mlangoni.